Kodi ya miezi sita na kufuli mlangoni

Marehemu baba alikuwa na kaunta buku moja yenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, akiiweka juu ya kabati pamoja na msahafu na bahasha ya risiti. Kila chumba kilikuwa na kurasa zake. Chumba cha kwanza hadi cha sita ni vya nyumba kubwa, vitatu kulia na vitatu kushoto mwa ukumbi, kama zilivyo nyumba nyingi za Kiswahili pale Manzese, Dar es Salaam. Cha saba na cha nane ni vya banda la uani, jirani na choo. Jina la mpangaji, tarehe ya kuingia, kiasi alicholipa, sahihi. Asiyejua kuandika aligonga dole gumba. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, baba aliandika mambo ambayo hakuna fomu ya serikali inayoyauliza: "ana mtoto mchanga", "mshahara wake hutoka tarehe 5", "mke amerudi kwao Lindi".

Nilipokabidhiwa nyumba ile, baada ya kikao cha ukoo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, nilidhani nimepewa vyumba vinane vya kukusanya kodi. Mwezi haukuisha nikaanza kupokea wageni. Bwana afya alitaka kuona shimo la choo. Watu wa taka walitaka ada yao. Mwenyekiti wa mtaa alitaka majina ya wapangaji wapya ayaingize kwenye daftari la wakazi. Kuna kodi ya pango la ardhi, kuna kodi ya jengo, kuna TRA, yaani mamlaka ya mapato, kuna ushuru wa stempu, kuna kibali cha ujenzi cha lile banda la uani, ambacho sidhani kama kiliwahi kuombwa. Na katika wote hao sikuona hata mmoja aliyekosea kuja. Kila mmoja alikuwa na sheria yake mkononi.

Nimeisimamia nyumba hiyo kwa miaka kadhaa sasa, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyemo, anayekula humo humo. Ninachotaka kusema ni kwamba kodi ya miezi sita inayolipwa mbele kwa mkupuo, ambayo wapangaji wote wa Dar es Salaam wanailaani na wanasiasa hawachoki kuiahidi marufuku, haitokani na tamaa peke yake. Ni sheria ambayo mwenye nyumba mdogo amejitungia mwenyewe, baada ya kuona kwamba kutii sheria za serikali kunamtoa hela na siku ya ugomvi hakumsaidii chochote.

Mwaka wangu wa kwanza, kijana wa chumba cha tano, dereva wa bodaboda, alipitisha miezi mitatu bila kulipa. Kodi ilikuwa Sh50,000 kwa mwezi. Nilimpigia simu, akapokea mara mbili, ya tatu hakupokea. Nikaenda hadi dukani nikanunua kufuli, nikasubiri ametoka, nikalitia mlangoni. Nilijiona nimefanya kazi. Jioni nikaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na kofia yake ngumu mapajani, kimya, mnyenyekevu kupita kiasi. Mwenyekiti hakupaza sauti. Aliniambia, "Mdogo wangu, ukifunga mlango wa mtu umefunga na vitu vyake. Kesho akisema mlikuwa na laki tano chini ya godoro, utasemaje?" Sikuwa na la kusema. Kufuli nikalifungua usiku ule ule, na kijana akanimulikia kwa simu yake.

Mwenyekiti alikuwa sahihi kisheria, hata kama sidhani alikuwa anaifikiria sheria. Wengi wetu tunaamini kwamba upangaji Tanzania hauna sheria. Ilikuwepo moja kali. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba, yaliyoweza kusema chumba hiki kodi yake halali ni kiasi gani, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mtu bila amri. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, wakati soko likiwa ndilo wimbo. Lakini ufutaji ule haukutuacha watupu. Sehemu ya upangishaji katika Sheria ya Ardhi ya 1999 ilibaki, na ukiisoma utashangaa ilivyo na akili. Mkataba wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa mdomo. Kama muda haukutajwa, basi kinachohesabiwa ni kipindi cha kulipia, na notisi haiwi fupi kuliko kipindi hicho: anayelipa kwa mwezi apewe mwezi. Mwenye nyumba anatakiwa amwache mpangaji akae kwa amani, na paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake. Yote hayo yanamhusu mpangaji wa Masaki sawasawa na yule wa chumba cha tano.

Tatizo ni njia ya kufika kwenye sheria hiyo. Kijana na mimi tulipelekwa baraza la kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 mabaraza ya kata hayana tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na nyumba. Kazi yao ni kupatanisha, na wamepewa siku 30. Ikishindikana unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilipoulizwa mkataba nilitoa ile fomu tunayonunua stationery, imejazwa kwa bik, sahihi zote zipo, mashahidi wapo. Mzee mmoja wa baraza akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Haukugongwa stempu?" Akanieleza kwa upole kwamba pale hakuna shida kwa kuwa wanapatanisha tu, ila nikipanda juu, upande wa pili ukimpata mwanasheria, hapo ndipo atakaposimama. Ni kweli: mkataba wa pango unatozwa ushuru wa stempu wa asilimia moja ya pango la mwaka, na hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu yake.

Asilimia moja ya Sh600,000 ni Sh6,000. Hiyo si hela ya kumtoa mtu jasho. Kinachomtoa mtu jasho ni dirisha analoipelekea. Ukishapeleka mkataba mmoja ukagongwe, umeshajitaja: una TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya nani, una vyumba vingapi, ulianza lini kupangisha, na miaka ile mingine je? Nilipiga hesabu usiku ule nikiwa nimelala chali. Deni la kijana ni Sh150,000. Gharama ya kulidai ilikuwa ni kuifungua bahasha yote ya baba. Kesho yake tukaandikishana mbele ya baraza kwamba ataondoka mwisho wa mwezi na mimi nasamehe deni. Akaondoka kweli, na balbu akaenda nayo.

Mpangaji aliyefuata alilipa miezi sita.

Pale ndipo nilipoelewa miezi sita ni nini. Mwenye kodi ya miezi sita mkononi hana haja ya baraza. Hana haja ya mkataba wenye stempu, wala ya kumjua mwanasheria. Amejihukumia kesi mapema na ameshashinda. Mtu akimwambia mwenye nyumba huyo kwamba kuanzia kesho ni marufuku kuchukua zaidi ya mwezi mmoja, maana yake anamwomba aweke silaha chini na kumpa ahadi kwamba polisi watafika. Yeye anajua polisi wanakuja lini.

Anayelipia uhodari huo ni mpangaji. Mama wa chumba cha tatu anauza vitumbua asubuhi kwenye kona ya barabara ya lami. Sh300,000 za miezi sita kwake ni kikoba kizima, tena akibahatika zamu yake iangukie karibu na tarehe. Mwaka jana zamu haikuangukia hapo. Aliniomba avumiliwe wiki mbili, "mwanangu, nikitoa sasa hivi nitakuwa nimetoa na unga." Nilivumilia, lakini hapo huruma yangu ndiyo ilikuwa sheria, na huruma ya mwenye nyumba haiandikwi popote isipokuwa kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu. Mtaji wake ulikuwa unalala kwenye ukuta wangu kwa nusu mwaka ilhali mimi siufanyii kazi yoyote. Hapo sijamtaja dalali, ambaye naye huchukua kodi ya mwezi mmoja juu ya hiyo, kwa kazi ya kumwonyesha mtu mlango.

Sasa tuje kwenye kodi yenyewe, maana hapa lugha yetu imetuchanganya. Mpangaji anampa mwenye nyumba kodi. Mwenye nyumba anaipa serikali kodi. Neno ni lile lile, na mwaka 2022 lilituponza. TRA ilipotangaza kwamba wapangaji watazuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha, mtaani ilisikika hivi: serikali imepandisha kodi ya nyumba kwa asilimia 10. Wapangaji wakaja juu. Maofisa wakaeleza kwenye redio na magazeti kwamba anayekatwa ni mwenye nyumba, mpangaji ni mpelekaji tu. Maelezo yalikuwa sahihi na hayakumtuliza mtu. Mama wa chumba cha tatu hawezi kunizuilia mimi Sh5,000 kila mwezi akaipeleka benki kwa namba ya malipo, kisha akategemea kwamba mwezi wa saba nitamwongezea mkataba. Aliyebuni utaratibu ule alikuwa na picha ya kampuni iliyopanga jengo, yenye mhasibu na muhuri. Alipousogeza hadi vyumba vya Manzese hakuangalia nani mwenye nguvu kati ya wale wawili.

Ile asilimia 10 yenyewe inahesabiwa kwenye pango lote, haiangalii kilichobaki. Nyumba ya vyumba vinane vya Sh50,000 inaingiza Sh4,800,000 kwa mwaka vyumba vyote vikiwa na watu, jambo ambalo halitokei. Asilimia 10 ni Sh480,000. Kwa nyumba ya ghorofa ya Mikocheni asilimia hiyo ni bei ya kufanya biashara. Kwa nyumba yetu, yenye warithi watano wanaosubiri chao, yenye bati la mwaka ambao hata baba hakuukumbuka, na choo kinachohitaji kunyonywa kila mara, asilimia hiyo inakula ukarabati. Mwenye nyumba akibanwa kati ya TRA na bati, bati ndilo linalosubiri. Halafu masika inafika, na mwenye kulowa ni mpangaji.

Choo hasa kinastahili aya yake. Sehemu kubwa ya jiji haina mabomba ya majitaka. Tunaishi juu ya mashimo. Gari la kunyonya linapoweza kupita kwenye uchochoro ni gharama, lisipoweza kupita ni balaa. Basi mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna watu wanaotapisha vyoo, wanatoboa ukuta wa shimo na kuuachia mkondo wa mvua ubebe. Kila mtu wa Tandale, Kigogo na Vingunguti anaijua harufu ya asubuhi yake. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ipo, sheria ndogo za manispaa zipo, faini zipo. Bwana afya anafika mchana wa jua. Sijawahi kuona akikagua saa tisa usiku mvua inanyesha, na simlaumu. Lakini ninachokiona ni kwamba hela ambayo ingelipia gari la kunyonya ni ile ile inayogombewa na kila karatasi nyingine, na katika karatasi zote hizo hakuna hata moja inayosema: lete risiti ya kunyonya choo, tukupunguzie hapa.

Kwenye umeme ndiko ninakoona ushahidi wa wazi zaidi kwamba kutofuata utaratibu kunamla maskini kwanza. Nyumba yetu ilikuwa na mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa vyumba vyote vinane. Bei za umeme zina daraja la watumiaji wadogo: ukitumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi unalipa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Daraja la kawaida ni Sh292. Chumba kimoja chenye taa mbili, televisheni ndogo na feni hakifiki uniti 75. Tuseme kinatumia 25. Kingekuwa na mita yake kingelipa Sh2,500. Lakini vyumba vinane kwenye mita moja ni uniti 200, mita inahesabiwa kama nyumba ya mtu mwenye uwezo wake, na kila chumba kinalipa Sh7,300 kwa umeme ule ule. Serikali imeweka bei ya huruma, na wale iliyowekewa hawaipati kwa sababu wamekaa wengi chini ya bati moja. Kumpa kila mtu mita yake ni juu ya mwenye nyumba, na kwa mjini kuunganishiwa umeme wa njia moja kulipangwa mwaka 2022 kuwa karibu Sh321,000. Zidisha kwa vyumba. Nimeweka mita tatu mpaka sasa.

Kwenye mita ile ya pamoja ndipo pia inapokatwa kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa tunaponunua umeme, ilianza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na mwaka 2023 ikawa Sh1,500. Mlipaji kisheria ni mwenye jengo. Wapangaji waliambiwa wakae na wenye nyumba zao warudishiwe. Kwetu matokeo yake yalikuwa mchezo wa kujificha. Kwa kuwa makato yanatoka kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, tarehe mosi hakuna mtu anayetaka kununua umeme. Tumewahi kukaa gizani hadi tarehe tatu, watu wazima wanane, kila mmoja ana hela mfukoni, kila mmoja anasema hana. Nikaamua kununua mimi mwenyewe umeme wa Sh5,000 kila tarehe mosi. Ndiyo sera yangu ya kodi ya majengo, na katika zote nilizojaribu ndiyo pekee iliyofanikiwa.

Nimejaribu kuangalia wenzetu wanafanyaje. Marekani wana mpango walioutunga mwaka 1986: mjenzi wa nyumba za kupanga za watu wenye kipato cha chini anapewa punguzo la kodi kwa miaka 10, naye kwa miaka isiyopungua 15 anabanwa kwelikweli. Kodi ya chumba, ikijumlishwa na makadirio ya umeme na maji, haitakiwi kuzidi asilimia 30 ya kiwango cha kipato kilichowekwa kwa nyumba ile. Kila mpangaji anathibitishiwa kipato chake kwa karatasi, mafaili yanakaguliwa, vyumba vinakaguliwa, na ukikiuka unaweza kunyang'anywa punguzo ulilokwisha kulila. Kuna watu wenye ajira ya kudumu ya kutunza mafaili hayo tu. Wenye nyumba wa kule wanalalamika kuhusu makaratasi kama sisi tunavyolalamika, pengine zaidi. Lakini wanatii, maana utii wao umenunuliwa. Serikali ilianza kwa kuweka kitu mezani.

Huko ni mbali na mifuko haifanani, nakubali. Basi Kenya hapa jirani. Kodi yao ya mapato ya nyumba za makazi ilikuwa asilimia 10 ya pango, kuanzia Januari 2024 wakaishusha hadi asilimia 7.5, na mwenye pango lisilofika shilingi 288,000 za kwao kwa mwaka hayumo kabisa kwenye utaratibu huo. Sisemi Nairobi ni pepo ya wapangaji. Nasema kuna mtu alikaa akajiuliza mwenye nyumba mdogo anaanzia wapi.

Kwetu, mtu anapotaja nyumba nafuu mawazo huenda kwenye miradi. Shirika la Nyumba la Taifa limekuwepo tangu 1962. Magomeni Kota imesimama vizuri tangu ilipozinduliwa mwaka 2022, kaya 644 zimerudi kwenye ardhi zilikovunjiwa, na nikipita pale najisikia fahari. Lakini sensa ya mwaka huo huo ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Ukiwatafuta wauza vitumbua, madereva wa bodaboda, walinzi na wasichana wa saluni utawakuta kwenye vyumba vya watu binafsi kama mimi, ambao wengi hatukujenga, tumerithi. Anayetaka nyumba nafuu iwe salama na ya halali inabidi aongee na sisi, na sisi ni watu wa kuudhi. Tuko wengi, hatuna chama cha maana, nusu yetu hatujamaliza mirathi. Jirani yangu anakusanya kodi ya nyumba ambayo kwa karatasi bado ni ya bibi yake. Leseni ya makazi ina jina la marehemu. Ukimwambia agongeshe mkataba stempu, kwanza ajibu yeye ni nani kwenye nyumba ile, na akilijibu swali hilo hadharani shangazi zake watafika kutoka Kilwa kesho yake.

Kwa miaka sasa wizara ya ardhi imekuwa ikizungumzia sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja, pamoja na madalali. Ije. Ila naogopa ikija itakuja kama zilivyokuja nyingine, na dirisha lake jipya na fomu yake mpya. Ningependa ianzie kwenye ule ubao wa benchi wa baraza la kata. Mkataba wa ukurasa mmoja kwa vyumba vya bei ya chini, unaosajiliwa mtaani kwa ada ndogo isiyobadilika, unaokubalika kuwa ushahidi bila kuulizwa jambo lingine, na usiotumika kumfukua mtu miaka ya nyuma. Hili la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye kazi. Mwenye nyumba akijua kwamba kusajili mkataba wa leo hakufungui kesi ya mwaka 2016, atasajili, kwa sababu siku ya deni atakuwa na kitu cha kuonyesha. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya wapatanishi yapewe nguvu ya kutekelezwa bila kuanza upya wilayani. Kodi ya mapato ya vyumba vya bei hiyo ishuke, au risiti za choo, bati na mita zikatwe kwanza. Baada ya hapo, na si kabla, mtu aje aniambie mwisho wa kodi ya mbele ni miezi miwili. Nitanung'unika kisha nitafuata.

Najua kuna watakaosema nataka mwenye nyumba abembelezwe. Kuna wenye nyumba wa kutisha mjini hapa, nimewaona, wanaokata maji wiki nzima ili mtu ahame mwenyewe, wanaopiga picha kitambulisho cha NIDA cha mpangaji na kukirusha kwenye magurupu ya WhatsApp ya madalali kama bidhaa, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023. Hao wabanwe. Mimi mwenyewe nilinunua kufuli. Lakini mpaka sasa sheria inamkamata kirahisi yule aliyejitokeza, na aliyejificha anaendelea kulala. Mtoto akijua kwamba anayekiri ndiye anayechapwa, hakuna atakayekiri.

Mwaka huu nilijipa moyo nikapeleka mikataba miwili, chumba cha kwanza na cha tatu. Nikalipa Sh12,000, na maswali mengine nikayajibu nilivyoweza, sasa nina TIN na nina tarehe za kulipa. Mama wa chumba cha tatu nilimpelekea nakala yake. Akaushika mkataba kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na unga, akautazama muhuri, akauliza, "Kwa hiyo huu unapunguza miezi?" Nikamwambia chumba chake tutaenda miezi mitatu mitatu. Akaufunga kwenye mfuko wa nailoni, akaupeleka ndani.

Chumba cha tano kiko wazi tangu wiki iliyopita. Dalali amenipigia jana, ana mteja, kijana mmoja anayefanya kazi Kariakoo, mpole anasema, hana familia. "Bosi, nimwambie miezi mingapi?"

Nikamwambia sita.